Maji ya dripu na moyo wa mgonjwa aliyeungua vibaya: yanasaidia wapi, yanaumiza wapi?

Swali: Mimi ni muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Tulimpokea mwanamume wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 ya mwili, saa mbili baada ya moto. Dripu zilipangwa kwa fomyula ya Parkland, yaani kanuni ya kukadiria maji kwa uzito wa mgonjwa na asilimia iliyoungua. Ilipotimia saa ya 12 tangu aungue, mkojo ulikuwa umeshuka hadi mililita 15 kwa saa na presha ilikuwa chini. Daktari mmoja aliagiza maji yaongezwe, mwingine akasema moyo umeshachoka na maji yatamzamisha. Siku ya nne presha ilikuwa nzuri, lakini moyo ulikuwa unadunda mara 130 kwa dakika, na ubishi ukaanza upya. Je, maji yanausaidia moyo wa mtu aliyeungua au yanauumiza?

Jibu: Ndugu muuguzi, madaktari wako wote wawili walikuwa wameona jambo la kweli, na ndiyo maana ubishi wao haukuweza kumalizwa kwa kurudi kwenye fomyula. Maji huurudishia moyo kile unachokikosa kutoka nje, yaani damu ya kujaza vyumba vyake, lakini hayaponyi hitilafu iliyoingia ndani ya misuli ya moyo yenyewe. Mgonjwa aliyeungua sana huwa na matatizo hayo mawili kwa pamoja, kwa viwango vinavyobadilika saa baada ya saa, na kazi yetu kitandani ni kutambua ni lipi linalotawala saa hiyo tuliyo nayo.

Tuanzie dakika za kwanza. Moto unapokula sehemu kubwa ya ngozi, kuta za mishipa midogo kabisa, yaani kapilari, hulegea na kuanza kuvuja. Katika majeraha madogo uvujaji hubaki pale palipoungua, lakini yanapovuka takriban asilimia 20 hadi 30 ya mwili, kemikali za uvimbe huenea na hata kapilari za sehemu ambazo moto haukuzigusa huvuja. Plazima, yaani majimaji ya damu, pamoja na protini zake, huhama kutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye tishu, na kasi ya uvujaji huo ni kubwa zaidi katika saa 8 hadi 12 za mwanzo. Damu inayorudi kwenye moyo hupungua, vyumba vya moyo havijai, na msuli usiovutwa vizuri kabla ya kukaza hauwezi kusukuma kwa nguvu. Kwa upungufu wa namna hii maji ni tiba hasa, na kuyachelewesha ni hatari. Mgonjwa aliyechelewa kupata maji huingia katika mshtuko mzito, yaani mzunguko wa damu kushindwa kulisha viungo, na damu inaporudishwa baadaye kwenye tishu zilizokaa bila oksijeni ya kutosha, tishu hizo, moyo ukiwemo, hutoa chembe zenye sumu ya oksijeni zinazoongeza madhara juu ya madhara.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo upungufu wa damu peke yake haulielezi. Kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa dakika huanguka mara tu baada ya kuungua, mapema kuliko plazima inavyopotea. Sababu mojawapo ni kwamba mwili hujihami kwa kumwaga adrenalini, noradrenalini, vasopresini na angiotensini, homoni ambazo hukaza mishipa. Presha huweza kuonekana nzuri kwa muda, huku moyo ukisukuma dhidi ya mlango uliobanwa. Sababu nyingine imo ndani ya msuli wenyewe.

Charles Baxter, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Parkland mjini Dallas, ambaye mwaka 1968 yeye na Tom Shires walichapisha kazi iliyozaa fomyula mliyoitumia, alikuwa miongoni mwa waliolitilia mkazo jambo hilo: aliamini kwamba katika damu ya mtu aliyeungua kuna kitu kinachoudhoofisha moyo. Historia ya wazo hili inanigusa kila ninapoifundisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi waliamini kwamba aliyeungua hufa kwa sumu inayotoka kwenye ngozi iliyoungua. Baada ya moto wa jumba la maonyesho la Rialto mjini New Haven mwaka 1921, Frank Underhill alichunguza majimaji ya malengelenge, akaona kwamba yanafanana sana na plazima. Hivyo hoja ikahamia kwenye maji yanayopotea, na sumu ikasahaulika. Maji yaliokoa maelfu ya watu. Lakini leo tunajua kwamba wale wazee wa sumu hawakuwa wamekosea kabisa, kwa kuwa mwili wenyewe hutengeneza vitu vinavyoutia moyo udhaifu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka kwenye maabara. Mnyama aliyeunguzwa akiwa chini ya dawa ya usingizi na kupewa maji kwa kipimo kamili, moyo wake hutolewa baada ya saa 24, ukaning'inizwa kwenye mtambo na kulishwa maji safi yenye glukosi na oksijeni. Hapo hakuna tena upungufu wa damu, hakuna mishipa iliyokazwa wala adrenalini mwilini, na shinikizo la kuujaza linapangwa na mtafiti mwenyewe. Pamoja na hayo yote, moyo huo hukaza kwa udhaifu na hulegea polepole kuliko moyo wa mnyama ambaye hakuungua. Ukiujaza zaidi, nguvu huongezeka kidogo tu kisha hugoma. Hii ina maana kwamba maji, hata yakitolewa kwa wakati na kwa kipimo, hupunguza madhara lakini hayaondoi ugonjwa wa msuli.

Ugonjwa huo unatokana na mambo kadhaa yanayosaidiana. Protini za uvimbe, hasa TNF-alfa na interleukini za aina ya 1 na 6, huzalishwa si na chembe nyeupe za damu pekee, bali hata na seli za moyo zenyewe. Kalsiamu hurundikana ndani ya seli ya msuli, ilhali ndiyo inayopaswa kuingia na kutoka kwa mpangilio ili msuli ukaze na kulegea. Mitokondria, zinazotengeneza nishati, huharibiwa na chembe zenye sumu ya oksijeni. Vipokezi vya adrenalini huacha kuitika vizuri, ingawa adrenalini yenyewe imejaa tele kwenye damu. Udhaifu huu huwa mkubwa kuelekea mwisho wa siku ya kwanza, kisha msuli huanza kupata nafuu. Na kama mgonjwa aliungua ndani ya chumba kilichofungwa, usisahau kaboni monoksaidi na sianidi katika moshi, kwa maana zote mbili huunyima moyo matumizi ya oksijeni, na hakuna kiasi cha dripu kinachoweza kuziondoa. Kinachohitajika ni oksijeni ya kiwango cha juu na, kwa sianidi, dawa yake maalumu.

Sasa tuitazame hesabu yenu. Kwa mililita 4 kwa kila kilo na kila asilimia iliyoungua, mgonjwa wa kilo 70 mwenye asilimia 40 anapangiwa mililita 11,200 katika saa 24, nusu yake, yaani 5,600, ikiingia katika saa 8 za mwanzo tangu aungue. Kwa kuwa alifika saa mbili baadaye, hesabu ya kufuata maandishi neno kwa neno ingesema mililita 5,600 ziingie katika saa sita, sawa na zaidi ya mililita 930 kwa saa. Mafunzo ya Jumuiya ya Marekani ya Majeraha ya Moto siku hizi huanzia mililita 2 kwa mtu mzima aliyeungua kwa ndimi za moto au kwa maji ya moto, na hapo mgonjwa yuleyule angeanza kwa takriban mililita 350 kwa saa (2,800 kugawanywa kwa saa 8, bila kufidia saa mbili zilizopita), kisha kiasi kibadilishwe kila saa kwa kufuata mkojo. Tofauti ni kubwa mno. Fomyula hutupa mahali pa kuanzia tu, na asilimia yenyewe mara nyingi hukadiriwa kupita kiasi, hasa pale ngozi iliyogeuka nyekundu tu bila lengelenge inapohesabiwa kama jeraha. Ukiona hesabu inatoa namba kubwa, rudi kwanza kwenye mwili wa mgonjwa ukapime tena, ukikumbuka kwamba kiganja chake pamoja na vidole ni takriban asilimia 1.

Maji yanayozidi hayapiti bila kudhuru, na neno "kuzamisha" alilolitumia daktari wako linafaa. Kwa kuwa kapilari bado zinavuja, sehemu kubwa ya kila lita ya maji ya Ringer, dripu ya maji yenye chumvi mnayoitumia, hutoka kwenye mishipa muda mfupi baada ya kuingia. Kumimina lita moja kwa haraka hupandisha presha kwa dakika chache, lakini pia hupandisha shinikizo ndani ya kapilari na kuongeza uvujaji, hivyo presha hushuka tena na mtu hushawishika kumimina nyingine. Mwaka 2000 Basil Pruitt, daktari wa upasuaji wa majeraha ya moto, alionya kuhusu mwenendo huu wa kiasi cha maji kupanda kidogo kidogo bila sababu ya wazi, na onyo lake lingali hai. Dawa kali za maumivu na za usingizi huchangia, kwa sababu hulegeza mishipa, presha ikashuka, na tukajibu kwa maji tena.

Moyo huumia kwa njia tatu katika mafuriko hayo. Kwanza, msuli wa moyo nao huvimba, ukawa mgumu; chumba kigumu kinahitaji shinikizo kubwa ili kijae, na shinikizo hilo hurudi nyuma hadi kwenye mapafu, yakajaa maji. Pili, upande wa kulia wa moyo, ambao kwa kawaida hufanya kazi nyepesi, hukutana na mishipa ya mapafu iliyokazwa na uvimbe, na moshi kama aliuvuta, na shinikizo la mashine ya kupumulia. Ukijazwa kupita uwezo wake hutanuka na kuusukuma ukuta wa katikati kuelekea kushoto, ukakibana chumba cha kushoto kisipate nafasi ya kujaa. Tatu ni tumbo, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wagonjwa wengi hupotea huku kila mtu akidhani anafanya sahihi.

Utumbo na tishu za tumbo huvimba, maji hukusanyika, na ngozi ya tumbo iliyoungua haitanuki. Shinikizo la ndani hupanda na kuubana mshipa mkuu unaorudisha damu ya nusu ya chini ya mwili kwenye moyo. Moyo haujai, ingawa mwili mzima umefura kwa maji. Figo nazo hubanwa, mkojo hupungua. Mkojo unapopungua, karatasi ya maagizo inasema ongeza maji. Maji yanaongeza uvimbe wa tumbo, tumbo linazidi kuzibana figo, mkojo unapungua zaidi. Mkojo wa mililita 15 kwa saa unaweza kumaanisha mtu aliyekauka, na unaweza vilevile kumaanisha mtu aliyefurika. Karatasi haiwezi kukutofautishia. Hatari hii hupanda sana jumla ya maji ya saa 24 inapokaribia mililita 250 kwa kila kilo, ambayo kwa mgonjwa wenu ni lita 17.5.

Kwa hiyo, kama ningekuwa pale saa ya 12, nisingeongeza wala kukataa maji kabla ya kufanya mambo mawili ambayo hayachukui hata dakika kumi na tano.

La kwanza ni kupima shinikizo la tumbo kupitia mpira wa mkojo, kipimo ambacho muuguzi mwenye uzoefu hukifanya vizuri kuliko daktari anayekimbia. Mgonjwa analazwa chali kabisa, kibofu kinamwagwa, maji ya chumvi yasiyozidi mililita 25 yanaingizwa, sufuri ya kipimo inawekwa usawa wa mstari wa katikati ya kwapa, na namba inasomwa mwishoni mwa kutoa pumzi. Ikizidi milimita 12 za zebaki, tumbo limeanza kubana. Ikivuka 20 na kubaki hapo, huku kiungo kipya kikianza kushindwa kazi, hiyo ni dharura ya kuita daktari wa upasuaji. Ukiwa hapohapo tazama kifua na tumbo: gamba gumu la ngozi iliyoungua likiwa limezunguka kiwiliwili, huenda likahitaji kuchanwa, na kuchanwa huko kunaweza kuurudishia moyo nafasi ya kujaa kuliko lita kadhaa za maji.

La pili ni kuutazama moyo kwa mashine ya eko, inayoonyesha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Sihitaji vipimo vya hali ya juu. Nikiona chumba cha kushoto ni kidogo, kuta zake zinakaza kwa bidii hadi karibu zikutane, huyo ana moyo mtupu, na daktari wako wa kwanza ana haki: maji yaongezwe, lakini kwa kupandisha kasi ya dripu kwa asilimia 20 hadi 30 na kumtazama tena baada ya saa moja, si kwa kummiminia chupa nzima. Nikiona chumba kimejaa na kuta zake zinajongea kwa uvivu, basi daktari wa pili ameshinda hoja: huyo anahitaji dawa ya kuutia moyo nguvu kama dobutamini, na maji yasiongezwe. Nikiona chumba cha kulia kimetanuka na ukuta wa katikati umesukumwa, naangalia mapafu, mashine ya kupumulia na tumbo kabla ya kitu kingine. Na ikiwa moyo umejaa na unakaza vizuri lakini presha iko chini, mishipa ndiyo iliyolegea, na hapo noradrenalini kwa kipimo kidogo ina nafasi yake, tukikumbuka kwamba inapunguza damu kwenye ngozi na inaweza kuua sehemu ya jeraha ambayo ingepona.

Kipimo cha lakteti katika damu, ambayo hupanda tishu zinapokosa oksijeni ya kutosha, husaidia, hasa mwelekeo wake kutoka kipimo hadi kipimo. Kipimo cha shinikizo la mshipa mkubwa karibu na moyo mimi sikitegemei, kwa sababu tumbo lililobanwa na moyo mgumu hukipandisha hata moyo ukiwa mtupu. Wapo waliojaribu kuongoza maji kwa vipimo vya hali ya juu vya ujazo wa moyo, wakilenga kuufikisha ujazo wa kawaida ndani ya siku ya kwanza. Matokeo yakawa maji mengi zaidi bila moyo kusukuma vizuri zaidi. Katika saa hizo za mwanzo, moyo kujaa pungufu kidogo ya kawaida ni hali tunayoweza kuikubali, mradi mkojo uko karibu na nusu mililita kwa kilo kwa saa, ambayo kwa kilo 70 ni mililita 35, na lakteti inashuka.

Aina ya maji nayo ina uzito. Maji ya Ringer yenye lakteti ndiyo msingi. Maji ya chumvi ya kawaida yakitolewa kwa lita nyingi hujaza kloridi na kuifanya damu kuwa na asidi. Mgonjwa anapoelekea kuhitaji maji mengi kuliko ilivyotarajiwa, albumini, protini ya plazima, ikianzishwa ndani ya siku ya kwanza hupunguza jumla ya maji yanayohitajika, na kwa mgonjwa wenu saa ya 12 ningeifikiria kwa uzito. Maji yenye wanga wa hidroksietili yasitumike kwa aliyeungua, kwani yamehusishwa na kuharibika kwa figo na vifo. Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri hivyo tangu mwaka 2013. Vitamini C kwa dozi kubwa imewahi kupunguza mahitaji ya maji katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2000, lakini inaweza kuziumiza figo na kudanganya mashine za kupimia sukari kitandani, kwa hiyo siyo dawa ya kumpa mgonjwa kwa kubahatisha.

Nimalizie na siku ya nne. Kufikia hapo moyo umekwishageuka: ule uliokuwa unasukuma pungufu sasa husukuma kupita kiwango cha kawaida, pengine mara moja na nusu au zaidi, kwa sababu adrenalini hubaki juu kwa wiki na miezi na mwili unachoma nishati kwa kasi. Wakati huohuo maji yaliyokuwa yamejificha kwenye tishu huanza kurudi kwenye mishipa, jambo ambalo kwa mtu mzee au mwenye ugonjwa wa moyo wa zamani linaweza kuleta maji kwenye mapafu bila hata dripu kubwa. Mapigo 130 yenye presha nzuri, mkojo mzuri na lakteti ya kawaida, kwa hiyo, si dalili ya kiu ya mishipa. Tafuta kwanza maumivu, homa, maambukizi na upungufu wa damu. Kisha pima sodiamu, kwa sababu ngozi iliyoungua haizuii tena maji kupotea kama mvuke: kwa kanuni ya kujumlisha 25 na asilimia iliyoungua, kisha kuzidisha kwa mita za mraba za mwili, mgonjwa wenu mwenye takriban mita 1.8 hupoteza karibu mililita 117 kwa saa. Sodiamu ikipanda, upungufu huo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi nyingi, ikiwezekana kupitia mpira wa kulishia tumboni. Hayo yote yakiwa sawa na moyo ukaendelea kukimbia, timu inaweza kujadili propranololi, dawa inayozuia kazi ya adrenalini, ambayo David Herndon na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba, kwa watoto walioungua sana, hupunguza mapigo na kuzuia misuli ya mwili kuliwa. Lakini isianzishwe kabla mshtuko haujaisha kabisa, wala kwa mgonjwa ambaye bado yuko kwenye noradrenalini.